Nzuri, Ila Nimeanguka

Mjukuu wangu anatunga hadithi za vyombo vinavyosafiri angani, mbali kupita mwezi, na humo ndani watu wanapika, wanaoana na wanagombana kama sisi. Anazipeleka kipande kwa kipande kwenye kundi la simu, na watu asiowajua wanamsoma na kumdai kipande kingine. Anasoma chuo hapo mjini Morogoro, mambo ya kilimo. Nilimuuliza inakuwaje mtu anayesomea mahindi akaandika habari za angani, akanijibu, "Bibi, mahindi nayaona kila siku."

Akipanda kwangu mlimani wakati wa likizo hunisomea. Shule yangu mimi iliishia darasa la nne. Kusoma najua, lakini maandishi ya simu ni madogo na macho yamechoka. Basi yeye anasoma, mimi nachambua maharage. Sinyamazi, kitu nisichokielewa nauliza, na cha uongo nasema ni uongo.

Safari moja alinisomea habari za vifaa viwili ambavyo kila chombo cha angani lazima kiwe navyo.

"Cha kwanza ni kitambulishi," akasema. "Hicho kinataja jina la chombo, kimetoka wapi, kinakwenda wapi, kina watu wangapi. Kinataja saa zote, hata kama hakuna anayeuliza."

"Kama mlevi."

"Bibi!"

"Mtu anayepita njiani anajitaja jina na hajaulizwa, si mlevi huyo?"

Akacheka, akaendelea. "Cha pili ni king'ora cha dharura. Kimefungiwa tumboni mwa chombo, ndani ya sanduku la chuma lisiloungua. Kinalala tu humo. Chombo kikipasuka kinaamka chenyewe na kulia, hata kama watu wote wamezimia."

"Na hicho kinataja jina?"

"Hapana. Kinalia tu, wajue mahali kilipo."

Hapo nikaweka ungo chini. Nikamwambia hicho cha pili ndicho kifaa cha watu wenye akili, na kwamba mama yangu alikijua kabla ya hao wa angani. Huku kwetu nyumba hazikukaa pamoja. Moja iko mgongo huu wa mlima, nyingine mgongo ule, na katikati kuna bonde. Kwa miguu utateremka na kupanda mpaka jua liwe kali, lakini sauti inavuka mara moja. Kwa hiyo mtu akipata jambo anapiga yowe. Mama alinifundisha kwamba kwenye yowe jina halitajwi. Ukitaja jina, mwingine atakaa kitako afikirie: ah, ni yule aliyeninyima mbegu. Usipotaja wanakuja wote, na jina wanalikuta hukohuko.

Mjukuu alipenda sana maneno hayo. Akayaingiza kwenye hadithi yake yakawa sheria ya anga nzima: king'ora hakitaji jina, na atakayekisikia hana ruhusa ya kuuliza ni cha nani, anageuza chombo na kwenda.

Mimi swali moja lilinibakia. "Na anayesikiliza ni nani?"

"Kuna vituo, Bibi. Vimetegeshwa angani."

"Nani yuko zamu?"

"Mashine."

"Mashine ndiyo itakuja kuwabeba?"

"Bibi, unaniharibia hadithi."

Nikaokota ungo wangu.

Mambo haya ya vyombo yalinihusu kwa sababu nakaa peke yangu. Mume wangu alifariki zamani, watoto wameteremka mjini mmoja mmoja, na nyumba yangu iko mlimani kwenye ardhi ya ukoo wa mama yangu, maana sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Hapo ndipo nilipozaliwa, na waliozikwa nyuma ya ile migomba ni watu wangu. Binti yangu, mama wa huyu mtunzi, ana nyumba Mwembesongo, huko mjini, na genge la mboga mbele ya mlango. Kila akipanda kuniona wimbo wake ni uleule: "Mama, teremka. Chumba kipo, umeme upo. Siku moja utaanguka huku tuje kukuta mifupa."

Namjibu kwamba mifupa yangu ikiwa huku atajua pa kuitafuta, si kama ya watu wa mjini. Hapendi mzaha huo.

Mwisho alikata shauri. Nitabaki mlimani kwa sharti moja: kila asubuhi nimjulishe kwamba nimeamka. Siku nisipojulisha, atakuja na gari mpaka barabara inapoishia, atanichukua, na safari hiyo sirudi. Aliposema hivyo hakupandisha sauti, nikajua hatanii. Ukali wake ameutoa kwangu.

Mjukuu ndiye aliyepanga namna ya kujulisha. Aliniletea kitochi, yaani kile kisimu cha vibonyezo chenye taa kichwani, akanifundisha kubip: unapiga, unakata kabla hajapokea. Alisema, "Bibi, tufanye kama vyombo vyangu. Ukiamka nibip mara moja. Hicho ndicho kitambulishi: niko hapa, ni mzima. Nami nitakubip mara moja ujue nimepata, kisha namwambia Mama. Ukipata shida nibip mara tatu mfululizo. Hicho ndicho king'ora."

"Na nikikupigia tukaongea kama watu?"

"Ukiwa na salio, sawa. Una salio?"

Nilikuwa nalo la kubip tu, si la kuongea. Salio kwangu ni la misiba na harusi.

Mpango ule ulikwenda vizuri. Kila asubuhi nawasha moto, natoka nyuma ya jiko kwenye lile jiwe ambapo mtandao unakamata, nabip, nakata. Kabla sijarudi ndani kinalia mara moja na kunyamaza. Nikakizoea kile kimlio. Kilikuwa kama mtoto anayepita mbio mlangoni na kusema shikamoo bila kusimama. Nami nilikuwa nakijibu kwa mdomo, peke yangu pale jikoni: marahaba.

Masika yakaja. Mvua za mwaka ule zililoweka mlima ukawa kama uji. Asubuhi moja, nimekwisha bip na nimekwisha jibiwa, nikateremka kwenye mfereji wa maji unaopita kati ya shamba langu na la jirani yangu wa ng'ambo. Huyo ni mzee wa umri wangu. Tumegombania mfereji huo miaka mingi. Yeye anasema zamu yangu ya maji naizidisha, mimi nasema yeye anaziba kwa mawe na kusingizia mvua. Tukikutana njiani tunasalimiana, kwa kuwa hatukulelewa porini, kisha kila mtu anatazama pembeni.

Nilikwenda kuona kama ameziba. Ukungu ulikuwa umeshuka, huoni mgomba wa tatu. Nikakanyaga ukingo, ukingo ukaondoka na mimi. Niliserereka kwa makalio mpaka korongoni chini ya mfereji, na nilipojaribu kusimama mguu wa kulia haukunipokea. Nikautazama, nikaona umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

Sikulia. Nilikaa kwenye tope nikafungua pindo la khanga, kitochi kikawamo, kizima. Nikamshukuru Mungu. Nikasema moyoni, haya sasa, king'ora.

Nikabip mara ya kwanza, nikakata. Kabla kidole hakijarudi kwenye kibonyezo, kitochi kikalia mara moja kikanyamaza. Mjukuu amenijibu.

Nikabip mara ya pili. Akajibu.

Nikabip ya tatu. Akajibu.

Nikawa nimechanganyikiwa. Nikaanza upya nikifanya haraka, lakini kila nikibonyeza yeye naye anabonyeza, tukawa kama watu wawili wanaokutana mlangoni, huyu anasema tangulia na yule anasema tangulia wewe. Mimi nasema nakufa, yeye anasema shikamoo. Nasema nakufa bwana, anasema shikamoo Bibi. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa chuoni wakijiandaa kuingia kwenye mtihani, simu iko mapajani, akaona bip ya bibi, akaijibu kama nilivyomlea. Ikaja nyingine, akajibu. Kwake hazikuwa tatu mfululizo, maana katikati ya kila moja aliweka ya kwake. Akamwambia mwenzake, "Bibi yangu leo amefurahi, ananisalimia hasa." Kisha wakaambiwa wazime simu.

Nami huku bondeni nikabip mara nyingine, nikasikia yule mwanamke wa kwenye simu akiniambia mteja hapatikani.

Kutuma ujumbe sikujua, na namba ya binti yangu sikujua kuitafuta humo. Nikakifunga tena kitochi kwenye khanga, nikavuta pumzi, nikapiga yowe.

Nilikuwa sijapiga yowe miaka mingi. Mara ya kwanza ilitoka kama jogoo mchanga. Ya pili ikatoka yenyewe, nikaisikia inavuka bonde na kurudi. Nikasubiri. Huko juu ng'ambo, ndani ya ukungu, sauti ya mwanamume ikaitika:

"Haya! Wafukuze!"

Nikashangaa. Nikapiga tena.

"Wafukuze hivyohivyo! Wasije huku kwangu!"

Hapo nikaelewa. Wakati ule mahindi yalikuwa yanakomaa na nyani wanashuka kila asubuhi. Mlima mzima watu wanapiga makelele. Yowe langu lilikuwa moja kati ya mayowe ya nyani, na jirani yangu alikuwa ananipa moyo.

Kumbe yowe lisilo na jina linaweza kupotea hivi. Mama yangu hakuniambia habari hiyo, labda kwa sababu zamani zake nyani walikuwa na msitu wao. Nilikaa pale maji ya mfereji yakinitiririkia mgongoni, nikafikiri, nikaona hakuna namna, lazima nijitaje. Na nijitaje nani? Kule ng'ambo kuna mama nani wengi, bibi nani wengi. Nikakusanya sauti nikaita:

"Si nyani! Ni mimi! Ni mimi wa mfereji!"

Kukawa kimya. Nikafikiri ndiyo basi, amekaa kitako.

Kumbe alikuwa anateremka. Nilisikia majani yanavunjika, na baada ya kitambo akatokea juu ya korongo akihema, panga mkononi, suruali imekunjwa. Akaniona. Na mtu aliyelelewa haanzi na maneno mengine.

"Habari za huku, bi mkubwa?"

Na mimi, Mungu ni shahidi, nikiwa kwenye tope mpaka kiunoni, nikamjibu, "Nzuri."

"Nzuri?"

"Nzuri, ila nimeanguka."

Akanitazama, akautazama mguu. "Hiyo nzuri yako ina kasoro," akasema. Akaweka panga chini. "Na maji leo nimekuta hujazidisha zamu yako. Mara ya kwanza."

"Wewe unakuja kuniokoa au kukagua maji?"

"Yote mawili. Usitikisike."

Nilimuuliza, wakati anakata miti ya machela, kwa nini amekuja mbio. Alisema, "Wewe nyani huwapigii kelele. Unawafuata kimyakimya na mawe, nakuona kila mwaka. Uliposema ni wewe, nikajua kuna jambo. Wewe sijakusikia ukipiga yowe tangu alipofariki mwenzio."

Akawaita wanawe. Wakanifunga kwenye machela kwa blanketi, wakanibeba kuteremka mlima mpaka barabarani, njia nzima yeye akitangulia na kuwakaripia. "Taratibu! Huyu akidondoka tena atasema mimi ndiye niliyemsukuma."

Hospitali wakanifunga hogo, lile jiwe jeupe la mguuni, na kutoka hapo nikapelekwa Mwembesongo kwa binti yangu. Alinipokea mlangoni. Alinipa chai, akanitandikia, akanikalisha dirishani nione genge. Siku ya pili ndipo aliposema, na sauti yake haikupanda.

"Yamekwisha sasa, Mama. Nyumba ya huko tutatafuta mtu wa kuitazama."

Nilikuwa sina mguu wa kujibia.

Mjukuu ndiye aliyeumia kuliko mimi. Alikuja kutoka chuoni akakaa chini miguuni pangu akautazama ule mguu mweupe. "Bibi, nimekujibu mara zile zote. Nimekaa nakujibu tu."

"Ulijibu salamu. Ulitaka usinijibu?"

"Lakini haikuwa salamu."

"Ungejuaje? Usinililie hapa, mke mwenzangu. Anayelia ni mwenye mguu."

Namwita mke mwenzangu kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kike, kwa utani, lakini siku hiyo hakucheka.

Pale dirishani nilikaa muda mrefu, na kazi yangu ikawa kusikiliza watu wanaokuja gengeni. Mjukuu akiwepo anakaa na mimi na simu yake, anaandika, mara anafuta. Siku moja alikuja mama mmoja jirani kununua bamia. Akamwambia binti yangu, "Habari za hapa?" Binti yangu akasema, "Nzuri." "Mgonjwa anaendeleaje?" "Hajambo, ila hawezi kutembea." "Na wewe biashara?" "Nzuri, ila nyanya zimeoza zote."

Mjukuu akainua kichwa. "Bibi, umesikia?"

"Nimesikia. Nyanya zimeoza."

"Hapana. Nzuri, ila. Hajambo, ila. Sisi wote tunasema tuko wazima kwanza, halafu ndiyo tunasema kilichotuua." Akasimama, akazunguka chumba. "Mpango wangu ulikuwa na bip ya nzuri, haukuwa na nafasi ya ila. Wewe ulikuwa unatafuta pa kuiweka ile ila yako, na mimi nakukatiza kwa adabu."

Nilikaa nikalifikiria neno hilo. Nimekwenda kwenye misiba mingi ambapo mfiwa anaulizwa habari naye anasema salama, kisha anaanza kulia. Hakuna anayemwona mwongo. Wote tumeinamisha vichwa tunasubiri ile ila. Tunajua ipo inakuja, ndiyo maana hatuondoki baada ya salama. Anayeondoka baada ya salama ni mtu wa haraka, na simu ni kitu cha haraka. Basi.

Mjukuu aliibadilisha hadithi. Alinisomea palepale dirishani. Sasa kuna chombo kimoja cha kubeba nafaka, kikuukuu, kinapita karibu na kituo kila mara. Kitambulishi chake kinataja jina, kituo kinajibu salama, kila mmoja anaendelea. Siku moja jiwe la angani linakitoboa. King'ora kinaamka, kinalia. Lakini sehemu hiyo ya anga imejaa ving'ora vya uongo, vya vyombo vilivyokufa zamani na masanduku yake bado yanalia, hata mabaharia wameacha kugeuka. Nahodha mwanamke anajaribu kuita kituo, na kila akiita mashine inasoma kitambulishi chake na kumjibu salama kabla hajamaliza. Salama. Salama. Pumzi inaisha mle ndani.

"Nani anakuja?" nikamuuliza.

"Chombo kingine cha nafaka. Nahodha wake na huyu mwanamke wanagombana miaka yote kwa sababu ya njia. Yeye anasikia king'ora, anasikia na jina, na anamjua. Anajua huyu mwanamke hajawahi kuomba kitu kwa mtu."

"Akija anasemaje?"

"Anamsalimia kwanza."

Nikamwambia hiyo ni kweli. Nikamwambia pia kwamba sheria ya mama yangu asiifute yote, maana kuna watu ambao jina lao lingewazuia wengine kuja, na hao nao wanaanguka. Akasema ndicho kinachomsumbua, hajui kifaa kipi kitaje na kipi kinyamaze, na kwenye lile kundi la simu wasomaji wamegawanyika wanatukanana. Wengine wanasema king'ora kikitaja jina maskini hataokolewa. Wengine wanasema kisipotaja hataaminika. Mmoja hakujali hayo, aliuliza tu kama bibi wa mwandishi mguu umepona.

Binti yangu alikuwa mlangoni anatusikiliza, kisu cha mboga mkononi. Akasema, "Hadithi haikubebi mlimani, Mama."

Nikamwambia najua.

"Simu imesema uko mzima na wewe uko shimoni. Utaniambia nini tena niamini?"

"Unataka uamini nini?"

Akafikiri. Haki yake, alifikiri kweli. "Macho ya mtu," akasema. "Mtu mwenye macho na miguu, akutazame kila siku, na asipokuona aje. Mlete huyo, nitakuachia. Nisidanganye, Mama, naona hapa dirishani unakauka. Lakini simu sitaki tena."

Akarudi gengeni. Mjukuu akanitazama, mimi nikatazama nje. Wote wawili tulijua kule mlimani ni nyumba moja tu inayoona yangu.

Kuomba ni kazi iliyonishinda tangu utoto. Afadhali nilime kwa kisigino. Hogo lilipotolewa na mguu ukaanza kukanyaga, binti yangu alinipandisha kwa pikipiki mpaka njia inapoishia, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu, mimi na fimbo, yeye nyuma yangu. Hatukupitia nyumbani kwangu. Tulikwenda moja kwa moja ng'ambo.

Mzee alikuwa amekaa barazani anapukuchua mahindi. Tukasalimiana. Habari, nzuri. Habari za mguu, nzuri. Akatuletea vigoda, akaendelea kupukuchua. Na safari hii hakuondoka kwenye ile nzuri yangu, alikaa nayo. Punje zinadondoka kwenye ungo, yeye kimya, ananisubiri. Alijua sikupanda mlima ule kuja kusema nzuri.

"Ila," nikasema.

"Ehe."

"Ila huyu binti haniachi nikae kwangu mpaka kuwe na mtu anayeniona. Na anayeiona nyumba yangu ni wewe."

"Nakuona. Nimekuona miaka yote. Sikutaka, lakini nakuona."

"Basi uendelee. Kila asubuhi nikiamka nawasha moto, moshi wa jiko langu unaonekana hapa. Ukiuona, mpigie huyu umwambie. Usipouona, teremka."

"Kazi hiyo haina ujira?"

"Sema unachotaka."

Akapukuchua hindi zima kabla ya kusema. "Zamu ya maji ya Ijumaa."

Ijumaa ni zamu bora kuliko zote, maana watu wengi wameteremka kuswali na mfereji umejaa. Ilikuwa yangu, na kabla yangu ya mama yangu. Binti yangu alinigusa bega, nadhani alitaka kuniambia tuondoke, maji yale anayajua maana yake. Nikautoa mkono wake.

"Chukua," nikasema.

Mzee akaacha kupukuchua. Nafikiri alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akakosa pa kuuweka. "Ya Ijumaa yote?"

"Usinifanye niseme mara mbili."

Nikalala kwangu. Asubuhi niliamka nikawasha moto, nikatupia na majani mabichi ili moshi uwe mzito, nikatoka na fimbo kusimama uani. Ng'ambo kule mzee alikuwa amesimama kwenye ukingo wa uwanja wake, simu sikioni. Yeye akiongea na simu anapiga kelele kana kwamba anayemsikiliza yuko Dodoma, kwa hiyo nilimsikia vizuri.

"Yupo! Moshi upo! ... Ndiyo, namwona na yeye mwenyewe, amesimama! ... Ameninunia! ... Sasa mimi nitajuaje anapika nini?"

Nikaingia ndani kugeuza uji.